Tippu Tip: Aliuza watu, akaacha Kiswahili Kongo

Mtaani kila mtu anamjua mmoja. Pesa yake inatoka kwenye unga, hilo halina ubishi, lakini siku akifa msiba unajaa mpaka barabarani. Alisomesha watoto wa watu, alichimba kisima, alilipia wagonjwa. Waliomalizwa na unga wake hawana wa kuwasemea pale msibani.

Pwani yetu ya Bagamoyo ilishawahi kuwa na mkubwa wa aina hiyo. Mzigo wake tu ndio ulikuwa tofauti: pembe za ndovu, na watu.

Jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Alizaliwa Zanzibar miaka ya 1830, baba yake akiwa mfanyabiashara wa misafara aliyehamia upande wa Tabora. Akiwa bado kijana mdogo alianza na biashara ya sandarusi, kisha akaingia bara. Huko ndiko alikopata jina la Tippu Tip. Wapo wanaosema ni mlio wa bunduki zake, wengine wanasema ni macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Mimi naamini hilo la bunduki, maana ndizo zilizomtajirisha.

Mwaka 1867 alimpiga chifu Nsama wa Itabwa, mtu aliyeogopwa sana kusini mwa Ziwa Tanganyika, akabeba pembe zake. Kipindi hichohicho alimsaidia Livingstone, mzungu aliyekuwa akipinga biashara ya watumwa, kwa chakula na watu wa kumwongoza. Huyo ndiye Tippu Tip: mkono mmoja unachoma kijiji, mwingine unamkaribisha mgeni.

Ila kisa cha Utetera, Kongo, ndicho kinachoonyesha akili yake. Alisikia kuwa chifu mzee, Kasongo Rushie, alipoteza dada yake aliyetekwa vitani zamani. Jamaa akaenda akajitambulisha kuwa ni mjukuu wa huyo dada. Mzee akafurahi, damu yake imerudi nyumbani! Akamkabidhi uchifu. Bila hata risasi moja akapata nchi na pembe zake. Na kisa chenyewe tunakijua kwa sababu alikisimulia mwenyewe, bila kuona haya.

Kutoka hapo mali ilitakiwa ifike pwani. Leo ukitoka Kiwangwa na daladala, lami tupu, unanunua nanasi dirishani na muda si mrefu uko Bagamoyo. Enzi hizo kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo ilikuwa kama kilomita 1,200 kwa miguu, pembe begani. Wengine walikuwa wapagazi wa kulipwa. Wengine walikuwa na minyororo shingoni, na aliyeshindwa kutembea aliachwa njiani.

Wazungu walijua yote haya na bado walimhitaji. Mwaka 1876 Stanley alikubaliana naye dola 5,000 amsindikize kuufuata mto Kongo. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akamfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Walipoona wanaweza kujitegemea, vita ikaja. Mwanawe Sefu aliuawa mwaka 1893. Yeye alikuwa ameshajirudia zake Zanzibar, ambako inatajwa alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000.

Malaria ilimuua nyumbani kwake Mji Mkongwe, Juni 1905. Nyumba bado ipo, na watalii wanapiga picha mlango wake wa nakshi.

Kabla hajafa aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayaweka kwa herufi za Kilatini na kuyachapisha miaka ya 1902 na 1903. Kinatajwa kuwa kitabu cha kwanza cha mtu kujiandikia maisha yake kwa Kiswahili. Ni kitamu, lazima tukubali. Kina machifu, vita, frasila za pembe, madeni, na malalamiko kuwa Stanley hakumlipa chake chote. Waliobeba hizo frasila wamo kwa idadi tu. Majina yao ni ya kutafuta.

Na kuna lugha. Maniema, Kasongo, Kisangani, kote huko Kiswahili kiliingia na misafara yake na ya wenzake. Kiliitwa Kingwana, kutokana na waungwana, yaani wafuasi wa misafara waliohesabiwa kuwa watu huru. Wengi wao walikuwa watumwa kwanza. Leo mtu wa Kasongo akimpigia simu mtu wa Bagamoyo, wanaelewana.