Maria Gaetana Agnesi: Binti wa Hesabu, Lugha na Maskini

 

Ukibahatika kusoma hisabati ya juu, siku moja utakutana na mstari uliopinda wenye umbo la kilima. Unapanda taratibu, unafika kileleni, halafu unashuka taratibu upande wa pili bila kugusa chini kabisa. Jina lake kwa Kiingereza litakushangaza, maana maana yake ni Mchawi wa Agnesi. Mwanafunzi akisikia hivyo hucheka, na anafikiri huyo Agnesi alikuwa mganga wa kienyeji au kitu kama hicho.

Kumbe Agnesi alikuwa dada Mkatoliki, mtu wa Misa na Rozari, aliyemaliza maisha yake akihudumia bibi wazee wagonjwa. Jina la uchawi lilitokana na kosa la kutafsiri, nalo tutalifikia. Leo nataka tumfahamu vizuri, kwa sababu anagusa swali linalotusumbua wengi. Ukifika kidato cha nne unaambiwa uchague: wewe ni wa sayansi au wa sanaa? Halafu kanisani unasikia mtu akisema eti ukizama sana kwenye sayansi imani itapoa. Mwisho unajikuta umekatwa vipande vitatu. Hesabu huku, lugha na muziki kule, Mungu Jumapili. Maria Gaetana Agnesi hakukubali kukatwa hivyo.

Alizaliwa Milano, Italia, tarehe 16 Mei 1718. Baba yake, Pietro Agnesi, alitoka katika ukoo uliotajirika kwa biashara ya hariri. Pesa alikuwa nazo, ila alitamani pia heshima ya watu wa tabaka la juu. Alioa mara tatu na kupata watoto 21, na Maria Gaetana ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mapema kabisa baba akagundua kwamba huyu binti si wa kawaida. Akamtafutia walimu wa nyumbani, wengi wao mapadre, wakati ambapo wasichana wengi hata wa familia tajiri walifundishwa kushona na kusali tu.

Kabla hajafikisha miaka 10 alisimama mbele ya wageni wa baba yake akatoa hotuba ndefu ya Kilatini, akitetea haki ya wanawake kusoma elimu ya juu. Hotuba hiyo mwalimu wake ndiye aliyeiandaa, lakini kuishika yote kichwani na kuitamka vizuri kwa umri ule si mchezo. Akiwa bado kijana mdogo alijua Kiitaliano, Kifaransa, Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, Kihispania na Kijerumani. Watu wakambandika jina la msemaji wa lugha saba.

Nyumba ya Agnesi ikawa mahali pa kukutania wasomi na wakubwa. Jioni wageni wanakaa duara, Maria Gaetana anakaa katikati, na yeyote anaruhusiwa kumuuliza swali. Mwaka 1739 msomi mmoja Mfaransa, Charles de Brosses, alifika pale akaandika alichokiona. Binti wa miaka 21 alijadiliana na wageni kwa Kilatini namna roho inavyohusiana na mwili, mambo ya mwanga na rangi, asili ya chemchemi za maji, na mistari ya jiometri. Baada ya hapo mdogo wake, Maria Teresa, alikaa kwenye kinanda akapiga na kuimba. Huyu Maria Teresa naye baadaye alitunga opera zilizochezwa kwenye majumba ya maonyesho. Katika sebule moja, jioni moja, walikuwa na falsafa, fizikia, hesabu, lugha na muziki, na hakuna aliyeshangaa kuviona pamoja.

Mwaka mmoja kabla, 1738, Maria Gaetana alikuwa amechapisha kitabu cha Kilatini chenye hoja zipatazo 190 alizokuwa akizitetea katika mikutano hiyo. Humo kuna mantiki, nguvu ya uvutano, mwendo wa sayari, maji, mimea, wanyama na madini. Alivisoma vyote kama sura za kitabu kimoja, kwa sababu Muumba wake ni mmoja.

Ila kulikuwa na tatizo ambalo wageni hawakuliona. Binti mwenyewe hakufurahia maonyesho haya. Alikuwa mtu wa haya, mpenda ukimya na sala. Mama yake alifariki mwaka 1732, Maria Gaetana akiwa na miaka 13, na kama mkubwa alibaki na wadogo wengi wa kuangalia na kufundisha. Aliwahi pia kuugua sana, na madaktari wakadhani amezidisha kusoma, wakamshauri acheze dansi na kupanda farasi. Kipaji chake kilikuwa cha kweli, lakini kilikuwa kimegeuzwa kuwa mapambo ya sebule ya baba.

Karibu na wakati ule de Brosses alipomtembelea, Maria Gaetana alimwambia baba yake kwamba anataka kuingia utawa. Baba alishtuka mno. Ni kama nguzo ya nyumba inaondoka! Binti alikuwa na uwezo wa kugoma, au kunyamaza na kukunja uso kila siku. Badala yake walizungumza, wakafikia makubaliano. Yeye angebaki nyumbani, lakini kwa masharti: avae mavazi ya kawaida, aende kanisani muda wowote anaotaka, na asilazimishwe tena kwenda kwenye dansi na michezo ya kuigiza. Baba akakubali. Vijana, tuangalie hapo. Alimheshimu baba yake, na bado alijua kuweka mpaka. Si wengi wetu tunaoweza kufanya yote mawili kwa pamoja.

Baada ya hapo nguvu zake za masomo alizielekeza kwenye hisabati. Alimpata mwalimu mzuri, Padre Ramiro Rampinelli, mmonaki aliyekuwa pia mtaalamu wa hesabu. Wakati ule kulikuwa na tawi jipya la hesabu lililokuwa likiitikisa Ulaya, yaani kalkulasi, linaloshughulika na vitu vinavyobadilika kidogo kidogo: mwendo wa jiwe linaloanguka, njia ya sayari, eneo lililo chini ya mstari uliopinda. Isaac Newton na Gottfried Leibniz ndio waliolianzisha, kila mmoja kwa njia yake na alama zake. Waliofuata waliongeza mambo mengi, lakini yalitawanyika katika maandishi ya lugha mbalimbali. Kijana wa Italia aliyetaka kujifunza hakujua aanzie wapi.

Hapo ndipo lugha zilipomsaidia. Maria Gaetana aliweza kusoma maandishi yale katika lugha zake mbalimbali, akayalinganisha, akayapanga. Mwaka 1748 alitoa kitabu katika majuzuu 2, zaidi ya kurasa 1,000, kinachomchukua msomaji kuanzia aljebra ya kawaida, kinampitisha kwenye jiometri, mpaka kalkulasi yenyewe. Mashine za kuchapia zilihamishiwa nyumbani kwao ili asimamie kila alama na kila mchoro. Na hakukiandika kwa Kilatini, lugha ya wakubwa wa vyuo. Alikiandika kwa Kiitaliano safi, na kwenye jina la kitabu akaweka wazi kwamba ni kwa matumizi ya vijana wa Italia. Kwa vijana! Waliokuwa na akili kubwa kama yake walikuwepo. Walioweza kueleza vizuri hivyo, kwa mpangilio huo, walikuwa wachache. Hesabu ya Agnesi ilihitaji sarufi yake, na sarufi ilihitaji huruma kwa mtu anayeanza.

Chuo cha sayansi cha Paris kilikisifu. Malkia Maria Theresa wa Austria, ambaye alitawala Milano na ndiye aliyetabarukiwa kitabu, alimtumia pete ya almasi na kisanduku cha kioo cha thamani. Papa Benedikto XIV, aliyependa sana elimu, alimpongeza, na mwaka 1750 akamteua kufundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Bologna. Fikiria, karne ya 18, Papa anamwita mwanamke kwenye kiti cha hisabati chuo kikuu. Anayekwambia Kanisa siku zote limeiogopa sayansi, mwambie habari hii.

Na lile jina la mchawi? Kwenye kitabu chake Agnesi alieleza ule mstari wenye umbo la kilima, ambao Waitaliano waliuita versiera, jina lililotokana na neno la Kilatini la kamba ya kugeuzia tanga la chombo. Mwingereza John Colson, aliyejifunza Kiitaliano akiwa mzee ili atafsiri kitabu hiki, alilichanganya na neno jingine linalofanana nalo, lenye maana ya mwanamke wa kishetani. Tafsiri ilitoka London mwaka 1801, na jina likaganda mpaka leo. Kosa la lugha limeingia kwenye hesabu na limekataa kutoka. Kwa hiyo wewe mwana sayansi unayedharau kipindi cha lugha, jihadhari!

Sasa tunafika mahali ambapo wengi huguna. Maria Gaetana hakwenda kufundisha Bologna. Jina lake lilibaki kwenye orodha ya chuo, lakini yeye alibaki Milano. Mwaka 1752 baba yake alifariki, na binti akawa huru kuchagua. Alichagua maskini. Alikuwa ameshaanza kuwapokea wanawake wagonjwa katika sehemu ya nyumba yao, baadaye akapanga nyumba akaishi nao. Pesa zilipopungua aliuza zawadi za Malkia. Parokiani alifundisha dini. Wasomi wa Torino walipomwandikia mwaka 1762 kuomba maoni yake juu ya kazi ya kijana Lagrange, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa kabisa, alijibu kwa upole kwamba mambo hayo hashughuliki nayo tena.

Je, alipoteza kipaji? Swali ni la haki, na mimi mwenyewe nimeliwaza sana. Wasichana wangapi wangefaidika kumwona amesimama mbele ya darasa Bologna? Sitaki kulifunika swali hilo kwa maneno matamu ya dini. Tena uamuzi wake si amri kwa kila mtu. Kama Mungu amekuita kwenye maabara, baki maabara, maana dunia inahitaji wanasayansi wanaosali.

Lakini tazama alivyoishi huko alikokwenda. Mwaka 1771 mjini Milano ilifunguliwa nyumba ya kutunzia wazee maskini na wagonjwa, Pio Albergo Trivulzio, na Askofu Mkuu akamweka kuwa msimamizi wa upande wa wanawake. Mwaka 1783 alihamia humo moja kwa moja. Akili ile ile iliyopanga kurasa 1,000 sasa ilipanga vitanda, chakula, dawa na zamu. Uvumilivu ule ule wa kumweleza anayeanza kalkulasi ukatumika kwa bibi aliyesahau jina lake mwenyewe. Aliacha pia maandishi ya kiroho ambamo akili na upendo vinakwenda pamoja kumtafakari Mungu. Kwa hiyo sioni kama alitupa alichosoma. Alikuwa amejifunza kukaza macho kwenye kitu kimoja mpaka kieleweke, na hicho ndicho alichowapelekea wagonjwa.

Alifariki tarehe 9 Januari 1799, akiwa na miaka 80, akazikwa katika kaburi la pamoja na maskini. Hakuna jiwe lililoonyesha kwamba hapa amelala mwandishi wa kitabu kilichosomwa Ulaya nzima. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, ila mfano wake tunao.

Tubebe mambo matatu wiki hii.

Kwanza, usijikate vipande. Uwe wa sayansi au wa sanaa, soma kitu kimoja cha upande wa pili. Mwana hesabu, andika barua nzuri. Mwana historia, kaa na swali moja la hesabu mpaka litii.

Pili, mweleze mwenzako. Kama umeelewa mada na jirani yako hajaelewa, kaa naye bila kumcheka. Hiyo nayo ni sadaka.

Tatu, kipaji chako kiulize kinamtumikia nani. Kama kinatumikia kupigiwa makofi tu, zungumza na Mungu. Zungumza na wazazi pia, kwa heshima na kwa ukweli, kama Maria Gaetana alivyofanya.

Tusali. Ee Mungu, Muumba wa nyota na wa namba, wa sauti na wa maneno, wewe ndiwe uliyetupa akili hii na moyo huu. Tusaidie kusoma kwa bidii bila majivuno, na kuwaona maskini kabla hatujajiona sisi. Utuonyeshe kila mmoja mahali unapotaka tutumie tulichojifunza. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Wiki njema, na wenye mitihani, Mungu awatangulie.