MAISHA YA PROFESA J. B. S. HALDANE

Ndugu msomaji, huenda jina la Haldane hulijui, lakini kama una damu mwilini basi habari zake zinakuhusu.

John Burdon Sanderson Haldane alizaliwa tarehe 5 Novemba 1892 mjini Oxford, Uingereza. Baba yake alikuwa mtaalamu wa mambo ya kupumua, na alizoea kushuka katika migodi ya makaa ya mawe pamoja na mwanawe. Siku moja huko shimoni alimwambia kijana asimame wima akariri maneno ya mchezo wa Shakespeare. Kijana akaanza kwa madaha, mara pumzi ikamwishia, miguu ikalegea, akaanguka. Kumbe gesi ile ya migodini ni nyepesi, hukaa juu, na karibu na sakafu hewa ni salama! (Mwalimu akijaribu hivyo siku hizi, wazazi watafika shuleni asubuhi yake.)

Tangu hapo akapenda kuyajaribu mambo mwilini mwake mwenyewe. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alijifungia pamoja na baba yake katika gesi ya sumu ili kupima vifuniko vya uso vya askari. Mwaka 1939 nyambizi iitwayo Thetis ilipozama na kuua watu 99, alijifungia tena ndani ya chumba cha chuma ili ajue hewa mbaya iliwafanyia nini. Majaribio kama hayo yalimuumiza mgongo na kumtoboa ngoma za masikio.

Lakini mimi nilivutiwa zaidi na hesabu zake. Tangu ujana, yeye na dada yake Naomi walifuga wanyama wadogo ili waone rangi na maumbile yanavyorithiwa. Hakuwa na shahada ya sayansi, lakini kufikia mwaka 1933 alikuwa profesa wa elimu ya urithi mjini London.

Basi kulikuwa na fumbo. Katika nchi za Bahari ya Kati, kama Italia na Ugiriki, kuna ugonjwa wa damu uitwao thalasemia. Mtu akirithi jeni yake moja, kutoka kwa mzazi mmoja, huishi bila taabu kubwa. Akirithi mbili, baba moja na mama moja, damu humpungua sana, na zamani wengi walikufa utotoni. Kila mtoto aliyekufa alikwenda na jeni mbili, kwa hiyo ingepasa ziendelee kupungua. Mbona zilikuwa nyingi vile? Wataalamu wengine walisema eti jeni mpya huzaliwa kila mara kwa kubadilika. Haldane alikataa. Mwaka 1935 alikuwa amekadiria kwamba jeni ya ugonjwa wa damu isiyoganda huzuka upya mara 1 hivi katika 50,000. Kasi hiyo ni ndogo mno, haiwezi kujaza pengo.

Mwaka 1948, katika mkutano wa Stockholm, alitoa wazo lake: labda mwenye jeni moja hulindwa na malaria. Hivyo jeni ileile humwua mtoto huyu na kumwokoa yule.

Sisi huku tunaijua zaidi jeni ya selimundu. Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, aliona mwaka 1949 kwamba jeni hiyo ni nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini adimu katika nyanda za juu penye mbu wachache. Alifikia wazo la malaria kwa njia yake mwenyewe. Mwaka 1954 alichapisha habari za watoto wa karibu na Kampala. Kati ya 43 wenye jeni moja, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, walikuwa 113.

Je, jeni hiyo ina madhara au haina? Inategemea unazo ngapi, na unaishi wapi. Mtaani mtoto akiugua selimundu, mama ndiye husemwa, mara amelogwa, mara ana mkosi. Hesabu inakataa kabisa. Wazazi wote wawili wanayo, nao wazima, na kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kupata mtoto mgonjwa.

Haldane alihamia India mwaka 1957, akawa raia wa huko, akafa kwa saratani tarehe 1 Desemba 1964 mjini Bhubaneswar. Aliagiza mwili wake wapewe wanafunzi wa udaktari wajifunzie.

Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi walichapisha jambo ambalo naona lingemfurahisha. Selimundu ya jeni moja hukinga malaria, na aina moja ya thalasemia iliyo ya kawaida Pwani hukinga pia. Lakini mtoto akizirithi zote mbili pamoja, kinga karibu yote hutoweka.