Bayume Husen: Askari mtoto wa Dar aliyemfuata Mjerumani hadi Berlin kudai mshahara

Alikuwa na miaka 10 tu alipoingia vitani na baba yake. Mtoto wa umri huo leo yuko darasa la nne, anawaza mpira.

Jina la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam, Februari 22, 1904. Baba yake, mwenye asili ya Sudan, alikuwa efendi kwenye jeshi la Wajerumani, cheo ambacho Waafrika wachache sana walikifikia. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, baba na mwana wote wakavaa sare, mtoto akiwa mwanafunzi wa kupeleka ishara.

Ni vita ile ile iliyopita hapa Morogoro. Agosti 1916 Waingereza waliuchukua mji, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini kupitia Uluguru. Oktoba 1917 wakakutana tena Mahiwa, Lindi, kwenye moja ya mapigano mabaya kuliko yote Afrika Mashariki. Kijana akajeruhiwa hapo, kisha akashikwa mateka na Waingereza. Miaka 13!

Vita ikaisha, Mjerumani akaondoka, na mishahara ya askari wengi ikabaki hewani.

Bayume (jina alilokuja kujulikana nalo) akatafuta kazi melini, akawa mhudumu. Mwaka 1929 akatua Berlin na shida moja: anadai mshahara wake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa. Yaani umepigwa risasi ukiwa mtoto, halafu unaambiwa muda wa kudai umepita!

Wengi wangepanda meli kurudi. Yeye akabaki. Akawa mhudumu kwenye Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe, na pia akawa anasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Wanafunzi wake walikuwa pamoja na maofisa waliokuwa wakiota kurudi kutawala huku. Januari 27, 1933 akafunga ndoa na Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Hitler akaingia madarakani.

Hapa ndipo mambo yanachanganya. Wajerumani waliotaka makoloni yao yarudi walimpenda akiwa amevaa sare ya askari kwenye sherehe zao, maana picha ya askari mwaminifu iliwafaa. Filamu nazo zilimhitaji: alionekana kwenye zaidi ya 20, mara nyingi kama mtumishi au askari. Ya mwisho, mwaka 1941, ilihusu maisha ya Carl Peters, yule yule aliyewasainisha machifu wetu mikataba ya ulaghai mwaka 1884.

Lakini nje ya kamera alikuwa mtu mweusi kwenye nchi ya Wanazi. Mwaka 1935 kibarua chake Haus Vaterland kikaota nyasi baada ya wenzake kumlalamikia. Alipoomba nishani ya wapiganaji wa vita, aligonga mwamba. Mwaka 1939 akajitolea kuingia tena jeshini, akakataliwa. Binafsi naona alikuwa bado anaamini kwamba sare ingemlinda, na huenda hakuwa na kingine cha kushika.

Agosti 1941 polisi wa siri, Gestapo, walimkamata. Kosa: uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo Wanazi waliliita kuchafua damu yao. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa moja kwa moja kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, akakaa humo zaidi ya miaka mitatu.

Alifariki huko Novemba 24, 1944, akiwa na miaka 40.

Ukifika Berlin, mtaa wa Brunnenstraße, nyumba namba 193, angalia chini. Tangu mwaka 2007 kuna kibamba kidogo cha shaba njiani, mbele ya nyumba aliyoishi, chenye jina lake.