Edwin Armstrong, mtu aliyetuletea FM

Wasikilizaji wetu wa Uvira, Fizi na bonde la Rusizi, kila asubuhi munafungua redio kwenye FM, munasikia habari, matangazo ya vifo, bei ya ndagala, kiisha munafunga. Ni watu wachache wanaojiuliza herufi hizo mbili zilitoka wapi. Wazee wanakumbuka redio za zamani, zile za masafa mafupi na ya kati. Mvua ikishuka toka milima ya Mitumba na radi kupiga juu ya ziwa, redio ilipasuka makelele, habari ikapotea katikati. Kwenye FM radi inapiga na mtangazaji anaendelea kusema kama hakuna kitu. Utulivu huo ni kazi ya mtu mmoja, Edwin Howard Armstrong, na ulimgharimu mali, ndoa na mwisho uhai wake.

Alizaliwa New York, Marekani, tarehe 18 Desemba 1890. Baba yake alifanya kazi katika nyumba ya kuchapa vitabu, mama yake alikuwa mwalimu. Akiwa mtoto wa miaka minane alipata ugonjwa wa mishipa uliomlaza nyumbani muda mrefu. Alipona, lakini bega na shingo vilibaki vikirukaruka peke yake maisha yake yote, zaidi akiwa na wasiwasi. Mtoto wa namna hiyo hukaa ndani na kusoma. Yeye alisoma habari za wavumbuzi, akaamua naye atakuwa mmoja wao. Nyumbani kwao Yonkers alisimamisha mlingoti wa antena wa karibu mita 38, akapanda mwenyewe hadi juu. Kupanda milingoti kulikuwa furaha yake hata alipokuwa mtu mzima, na baadaye kulimletea matata.

Alisoma uenjeniere Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka wa 1912, angali mwanafunzi, aliichukua lampe ya redio iliyotengenezwa na Lee de Forest. De Forest aliiuza lakini hakuelewa vizuri inavyofanya kazi. Armstrong alichukua sehemu ya umeme unaotoka kwenye lampe akairudisha mlangoni ilipoingilia, ipite tena na tena, ikizidi nguvu kila inapopita. Redio iliyokuwa ikinongʼona masikioni ikaanza kusema chumba kizima. Kiisha akagundua kwamba ukizidisha kurudisha, lampe inaanza kuimba yenyewe, inazaa mawimbi yake. Munajua jambo hilo: mikrofoni ya kanisa ikikaribia bafle, inalia. Armstrong aliona kwamba kilio hicho ni mali. Lampe ileile inayopokea inaweza pia kurusha.

Aliomba baba yake pesa za kuandikisha uvumbuzi wake. Baba alikataa: amalize masomo kwanza. Mjomba wake akamshauri angalau achore mchoro na kuupigisha muhuri wa mthibitishaji wa hati. Alifanya hivyo tarehe 31 Januari 1913. Ombi lenyewe liliingia serikalini Oktoba mwaka ule. Kuchelewa huko kulimpa de Forest mlango wa kumshitaki, na kesi ilikuja kuchukua zaidi ya miaka kumi.

Vita kuu ya kwanza vilimpeleka Ufaransa kama ofisa wa mawasiliano ya jeshi. Huko Paris, mwaka wa 1918, alitengeneza kitu ambacho hadi leo kimo ndani ya redio nyingi munazoshika mkononi. Wazo ni hili. Wimbi linalofika toka mbali linacheza mbio sana, na lampe za wakati ule hazikuweza kulikuza. Basi ndani ya redio unazaa wimbi lako la pili, la nyumbani, linalocheza karibu mbio zilezile, na kuyachanganya mawili. Ukisimama bandarini Kalundu wakati mitumbwi miwili ya mota inapita, mota zikikaribiana mwendo, unasikia sauti moja inayopanda na kushuka polepole. Ni ile tofauti ya mwendo wao. Armstrong alichukua tofauti hiyo, ambayo ni ya polepole na rahisi kukuzwa, na sauti ya mtangazaji ilikuwa bado imo. Kuchanganya mawimbi mawili kulikuwa kumefikiriwa kabla yake na Reginald Fessenden, na Mfaransa Lucien Lévy naye aliandikisha wazo la karibu sana. Lakini redio iliyoingia nyumba za watu ilikuwa ya Armstrong.

Hapa tutoke kidogo njiani, juu ya wimbi hilo la nyumbani lina hadithi inayotugusa leo. Intaneti inayofika mikoa yetu ya mashariki inatoka pwani ya Bahari ya Hindi kupitia nyaya za kioo, fibra, na ndani yake kinachosafiri ni mwanga. Mwanga nao ni wimbi, lakini linacheza karibu mara trilioni 193 kwa sekunde moja. Zamani mashine iliyo mwisho wa waya ilihesabu tu: mwanga upo, mwanga hakuna. Tangu karibu mwaka wa 2008, kwenye njia ndefu na kubwa, wanafanya kama Armstrong: mashine inayopokea inawasha leza yake yenyewe, mwanga wa nyumbani, na kuuchanganya na ule uliotoka mbali. Hapo wanaweza kusoma faze, maana yake wimbi limefika fasi gani katika mzunguko wake. Namna iliyozoeleka inatumia fasi nne, kama kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Kila pigo la mwanga linaelekea upande mmoja kati ya hizo, na upande huo ndio herufi.

Shida ni kwamba leza mbili haziwezi kufanana kabisa. Moja iko Mombasa tuseme, nyingine iko kwetu, na kila moja inatetemeka kidogo kwa namna yake. Dira nzima inazunguka polepole mbele ya macho yako, na kaskazini si kaskazini tena. Utajuaje imezunguka kiasi gani, na hujui mwenzako alituma upande gani? Hesabu yake inafurahisha kwa urahisi wake. Zidisha kila pembe kwa nne. Digrii 0, 90, 180 na 270 zinakuwa 0, 360, 720 na 1,080, na hizo zote ni fasi moja, kaskazini. Ujumbe umefutika. Kama dira imepinda digrii 5, unaona 20, unagawa kwa nne, unapata 5 yako, unarudisha dira na kusoma herufi. Andrew na Audrey Viterbi waliandika njia ya namna hiyo mwaka wa 1983 kwa mawasiliano mengine, na leo kipande kidogo cha elektroniki kinaifanya mabilioni ya mara kwa sekunde. Kina udhaifu wake. Makelele yakizidi, hesabu inaweza kuteleza robo nzima ya mzunguko bila kujua, na kuanzia hapo kila herufi inasomwa vibaya. Kwa hiyo wengine huandika ujumbe katika mabadiliko, toka upande huu hadi ule, si katika upande wenyewe. Armstrong hakuona leza hata moja katika maisha yake. Lakini ukifungua mashine hiyo na kufuata njia ya wimbi, unamkuta mlangoni.

Turudi kwake. Baada ya vita alikuwa tajiri. Kampuni Westinghouse ilinunua hati zake mwaka wa 1920 kwa dola 335,000. Miaka miwili baadaye kampuni RCA ilinunua uvumbuzi wake mwingine kwa dola 200,000 na hisa 60,000, akawa mtu binafsi mwenye hisa nyingi kushinda wote katika RCA. Mkubwa pale alikuwa David Sarnoff, rafiki yake. Mwaka wa 1923 Armstrong alipanda mlingoti wa RCA juu ya paa la nyumba ndefu New York, akapiga picha, na kumtumia Marion MacInnis, karani wa Sarnoff. Sarnoff alikasirika, akamkataza kurudi pale. Marion hakukasirika, walioana Desemba mwaka uleule. Zawadi ya harusi ilikuwa redio ya kubeba, iliyojengwa kwa mbinu yake ya Paris.

Kesi ya de Forest ilipanda tribinali baada ya tribinali hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka wa 1934 Armstrong akashindwa. Maenjeniere wengi waliona majaji hawakuelewa lampe inavyofanya kazi. Armstrong alipotaka kurudisha medali ambayo chama chao kilimpa mwaka wa 1917, walikataa kuipokea. Mimi naona hilo lilikuwa hukumu ya pili, na nzito kuliko ya kwanza.

Wakati huo tayari alikuwa na FM mkononi. Redio ya zamani inabeba sauti katika ukubwa wa wimbi, na radi nayo inaongeza ukubwa, kwa hiyo redio haiwezi kutenga moja na nyingine. FM inaacha ukubwa kama ulivyo na kubeba sauti katika mwendo wa wimbi, likiharakisha na kupunguza. Kipokezi kinakata vichwa vyote vinavyozidi, radi inabaki nje. Mwanahesabu mkubwa John Carson alikuwa ameandika mwaka wa 1922 kwamba njia hiyo haina faida. Hesabu zake zilikuwa sawa, lakini alifikiria FM ikiwa imebanwa katika njia nyembamba. Armstrong alifanya kinyume, akaipanua sana, na makelele yakaanguka. Jambo lingine: vituo viwili vikigongana juu ya namba moja, kipokezi cha FM kinashika kile chenye nguvu na kusahau kingine. Wakaaji wa kando ya ziwa wanalijua hilo: taa za Bujumbura zinaonekana ngʼambo, na redio ya huku inaweza kumezwa na ya kule kwa kusogea hatua chache.

Alipewa hati zake tarehe 26 Desemba 1933. Mwaka uliofuata alijaribu mtambo wake toka juu ya Empire State Building, kwa ruhusa ya RCA, na ulishinda ule wa kawaida waziwazi. Mwaka wa 1935 RCA ikamwomba atoe vyombo vyake, fasi ilihitajika kwa televisheni. Novemba mwaka ule, mbele ya maenjeniere wa New York, walisikia toka Yonkers maji yakimiminwa katika glasi na karatasi ikichanwa. Kiisha alijenga mnara wake mwenyewe Alpine, New Jersey, kwa pesa zake.

RCA ilijaribu kumaliza jambo kwa dola milioni moja, mara moja tu, bila malipo ya kila redio. Alikataa, sababu wengine walikuwa wanalipa kwa kila redio. Vita vya pili vilipokuja aliliachia jeshi la Marekani litumie hati zake bure. Na mwaka wa 1945 serikali ikahamisha FM toka megahezi 42 hadi 50, ikaipeleka juu ya 88, kule tunakoisikia leo. Mamia ya maelfu ya redio zilizonunuliwa zikawa sanduku za mbao tu. Mwaka wa 1948 alishitaki RCA. Maavoka wao walimkalisha na kumuuliza maswali miezi na miezi, huku muda wa hati zake ukiisha.

Mwisho wa 1953 pesa zilikuwa karibu zimekwisha. Alimwomba Marion atoe ile waliyoweka kwa uzee wao, naye akakataa. Armstrong akampiga, Marion akaondoka. Tarehe 31 Januari 1954, siku ileile ya muhuri wa 1913, alimwandikia mke wake barua, akajiua. Alikuwa na miaka 63.

Marion alikubaliana na RCA mwaka uleule, zaidi kidogo ya dola milioni moja. Hakusimama pale. Aliendelea na kampuni nyingine, moja baada ya nyingine, akashinda zote. Ya mwisho ilikuwa Motorola, mwaka wa 1967. Mnara wa Alpine bado umesimama, na Septemba 2001, majengo yale mawili ya New York yalipoanguka pamoja na antena zao, vituo kadhaa vya televisheni vya mji vilikwenda kurushia toka kwake.