Onassis: Tajiri aliyehamishia maskani yake majini

Na Mwandishi Wetu

MELI nyeupe yenye urefu wa mita 99 ilizoeleka katika bandari ya Monte Carlo, Monaco, katika miaka ya 1950. Ilikaa gatini siku nyingi bila kushusha shehena wala kupakia abiria wa kulipa nauli. Mwenyewe, Aristotle Onassis, alikuwa na makazi katika miji kadhaa ya dunia, lakini waliomfahamu walijua kuwa nyumba yake hasa ilikuwa hiyo yenye nanga.

Meli hiyo haikuundwa kwa ajili ya starehe. Iliundwa Montreal, Canada, mwaka 1943 ikiwa manowari ya kusindikiza misafara ya meli, ikaitwa Stormont, na mwaka 1944 ilishiriki katika operesheni ya majeshi ya washirika kuingia Normandy, Ufaransa. Vita vilipokwisha, Onassis aliinunua kwa dola 34,000 tu, bei ya chuma chakavu. Kisha akatumia takriban dola milioni nne kuigeuza kuwa kasri katika karakana za Kiel, Ujerumani. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1954, naye akaipa jina la binti yake mdogo, Christina.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir nchini Uturuki. Baba yake alikuwa Mgiriki mfanyabiashara wa tumbaku mwenye uwezo. Mwaka 1922 majeshi ya Uturuki yalipoutwaa mji huo, baba alitiwa gerezani, baadhi ya ndugu wa ukoo wakauawa na mali ikapotea. Kijana Onassis aliokoka kwa njia ya bahari, na mwaka uliofuata akashuka Buenos Aires, Argentina, akiwa mkimbizi.

Huko alifanya kazi ya usiku katika kampuni ya simu, huku mchana akihangaika na biashara ya tumbaku kutoka nchi za Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mdororo wa uchumi ulipoziacha meli nyingi zikiozea bandarini, yeye alinunua za kwake za mwanzo kwa bei ya kutupa. Mwaka 1946 alimwoa Athina Livanos, maarufu kwa jina la Tina, binti wa tajiri mwingine wa meli wa Kigiriki. Bwana harusi alikuwa na miaka 40, bibi harusi 17. Walijaliwa watoto wawili, Alexander mwaka 1948 na Christina mwaka 1950.

Bahati nayo haikumtupa. Mwaka 1954 alifunga mkataba na Saudi Arabia wa kusafirisha mafuta ya nchi hiyo. Kampuni kubwa za mafuta zilikasirika, zikasusia meli zake, nyingi zikabaki bila kazi. Mwaka 1956 Mfereji wa Suez ulipofungwa kwa vita, mafuta ya Ghuba yakalazimika kupita Bahari ya Hindi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na ni yeye aliyekuwa na meli zisizo na shughuli. Wale wale waliomsusia ndio waliomlipa bei aliyoitaka.

Ndani ya Christina, vyumba vya wageni vilipewa majina ya visiwa vya Ugiriki. Sitaha ya nyuma ilikuwa na bwawa la kuogelea lenye sakafu ya vigae vya nakshi. Maji yakitolewa, sakafu hiyo hupandishwa juu ikawa uwanja wa kucheza dansi. Katika baa, mishikio ilichongwa kwa meno ya nyangumi, na viti vilivikwa ngozi ya viungo vya uzazi vya nyangumi dume. Onassis, ambaye aliwahi kumiliki kundi la meli za kuvua nyangumi, alipenda kuwafahamisha wageni wake wa kike jambo hilo wakiwa wameshaketi.

Mgeni aliyemheshimu kuliko wote ni Winston Churchill, Waziri Mkuu mstaafu wa Uingereza, aliyesafiri naye mara nane kati ya mwaka 1958 na 1963. Mzee huyo alishinda sitahani akitazama maji na kucheza karata, naye mwenyeji wake akimhudumia kwa unyenyekevu ambao mahasimu wake wa biashara hawakupata kuuona. Safari moja walipokuwa wakielekea mlango wa bahari wa Dardanelles, Onassis aliamuru wapite usiku. Hapo ndipo kampeni ya Gallipoli ya mwaka 1915, aliyoipigania Churchill, ilipokwama na maelfu ya askari kupoteza maisha, na hakutaka mzee aamke akalikuta eneo hilo mbele ya macho yake.

Lakini starehe hiyo ilikuwa na gharama zake. Katika safari ya mwaka 1959, Churchill akiwa miongoni mwa wageni, alikuwemo pia mwimbaji mashuhuri wa opera, Maria Callas, pamoja na mumewe. Safari ilipomalizika, ndoa mbili zilikuwa zimevunjika. Tina alipata talaka mwaka 1960. Callas naye alisubiri kwa miaka bila kuolewa, hadi Oktoba 1968, Onassis alipofunga ndoa na Jacqueline, mjane wa Rais John Kennedy wa Marekani, katika kanisa dogo la kisiwa chake cha Skorpios. Sherehe ilifanyika melini. Wakati huo Monaco haikuwa tena ngome yake, kwani mwaka 1967 Mwanamfalme Rainier alikuwa amemshinda katika vita vya kuidhibiti kampuni ya kasino.

Christina ilibeba pia ndege ndogo aina ya Piaggio, yenye uwezo wa kutua majini. Alexander, aliyekuwa rubani, hakuipenda, na alimshawishi baba yake mara kadhaa aiuze anunue helikopta. Januari 22, 1973, Alexander alipanda ndege hiyo mjini Athens ili kumfundisha rubani mpya. Ilianguka sekunde chache baada ya kuruka. Uchunguzi ulibaini kuwa nyaya za kuongozea mabawa zilikuwa zimeunganishwa kinyume. Alifariki siku iliyofuata akiwa na miaka 24.

Onassis hakuamini kuwa ilikuwa ajali. Alitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayethibitisha hujuma, lakini hakutokea mtu. Ugonjwa wa kudhoofisha misuli ulimwandama, na Machi 15, 1975 alifariki karibu na Paris. Alizikwa Skorpios, kando ya mwanawe.

Tina alikuwa ametangulia mwaka 1974. Binti aliyebaki aliikabidhi meli yenye jina lake kwa serikali ya Ugiriki mwaka 1978. Ikaitwa Argo, ikaachwa ikaliwa na kutu. Christina mwenyewe alifariki mwaka 1988 akiwa na miaka 37, huko huko Buenos Aires alikoanzia baba yake. Miaka kumi baadaye mfanyabiashara wa Kigiriki aliinunua meli hiyo, akaifufua, na tangu mwaka 2001 imekuwa ikikodishwa kwa matajiri kwa jina la Christina O. Baa ya enzi za Onassis ingalipo.