Mhandisi aliyepeleka maji kwenye dhahabu, akafa kabla hayajafika

KATIKA mji wa Coolgardie, Australia Magharibi, miaka ya 1890 dhahabu ilikuwepo, tatizo lilikuwa maji. Dhahabu iligunduliwa hapo mwaka 1892, na mwaka uliofuata ikaonekana Kalgoorlie, umbali wa kilomita 40 hivi. Maelfu ya watu walimiminika kwenye nchi kavu isiyo na hata mto mmoja wa kudumu. Wenyeji wa asili waliishi huko kwa kujua kila shimo la mwamba linalohifadhi maji ya mvua, lakini mashimo hayo yalikaushwa upesi na wageni na farasi wao.

Aliyeondoa kero hiyo ni Charles Yelverton O'Connor, mtoto wa mkulima, aliyezaliwa mwaka 1843 katika jimbo la Meath nchini Ireland. Alijifunza uhandisi kwenye reli za kwao, kisha mwaka 1865 akahamia New Zealand. Huko alishiriki kujenga barabara ya kuvuka milima kwenda machimbo ya dhahabu ya pwani ya magharibi. Alipanda cheo hadi ngazi za juu za wizara ya ujenzi, lakini mwaka 1890 nafasi ya Mhandisi Mkuu akapewa mwingine. Mwaka 1891 akakubali wito wa John Forrest, Waziri Mkuu wa koloni la Australia Magharibi, awe Mhandisi Mkuu huko. Alikabidhiwa reli, bandari na karibu kila kitu kingine. Bandari aliyoijenga Fremantle ilianza kupokea meli mwaka 1897.

Coolgardie ilipata halmashauri yake ya mji mwaka 1894, na Kalgoorlie mwaka 1895. Madiwani walikuta homa ya matumbo inaua watu, vyoo havina utaratibu, na maji yanauzwa kwa galoni kama pombe. Maji mengi yalitokana na kuchemsha maji ya chumvi na kukusanya mvuke. Kazi hiyo ilimaliza miti ya kuni kandokando ya miji. Wakati wa uhaba galoni moja iliuzwa kwa shilingi kadhaa.

Halmashauri isingeweza kulimaliza tatizo hilo. Ungemtoza nani kodi, wakati nyumba nyingi ni mahema, na mwenye hema akisikia dhahabu imeonekana kwingine anahama usiku huohuo? Benki gani ingekopesha mji ambao huenda baada ya miaka kumi usingekuwepo? Hata treni, zilizofika Coolgardie mwaka 1896, zilikunywa maji yaleyale ya shida, na O'Connor aliijua hasara hiyo kwa sababu reli nayo ilikuwa chini yake.

Pendekezo lake lilikuwa kujenga bwawa kwenye mto Helena, eneo la Mundaring karibu na Perth, na kusukuma maji kwa bomba la chuma kwenda machimboni. Umbali ulikuwa zaidi ya kilomita 500, na maji yangepandishwa zaidi ya mita 300 kwa vituo 8 vya pampu za mvuke. Kila siku yangefika galoni milioni 5, yaani zaidi ya lita milioni 22. Makadirio yalikuwa pauni milioni 2.5, na maji yangeuzwa kwa shilingi tatu na nusu kwa galoni elfu moja. Bunge lilipitisha mkopo huo mwaka 1896.

Mkopo huo ulikuwa mkubwa kwa koloni lenye watu wachache kiasi kile, na wapinzani walikuwa na hoja. Walisema dhahabu ingekwisha na deni lingebaki, walipe watu wa Perth na wakulima. Hoja hiyo ya hesabu ilistahili kujibiwa. Kilichofuata hakikuwa hoja tena. Gazeti moja la Perth lilimwandama O'Connor kwa miaka, likimwita mzembe na mla rushwa. Mwezi Februari 1901 Forrest alikwenda kwenye serikali mpya ya shirikisho, na kinga ya O'Connor ikaondoka naye. Serikali zikabadilika haraka haraka, kisha mwaka 1902 tume ikaundwa kuuchunguza mradi.

Asubuhi ya Machi 10, 1902, O'Connor alipanda farasi wake kama kawaida yake, akaelekea ufukweni kusini mwa Fremantle, akaingia baharini na kujipiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 59. Aliacha barua iliyosema mradi ni mzima, na ndani yake aliweka maelekezo ya kazi iliyobaki bwawani. Tume haikumkuta na rushwa yoyote.

Maji yalifika Coolgardie mwishoni mwa mwaka 1902 na Kalgoorlie mwezi Januari 1903. Forrest aliuzindua mradi Januari 24, joto likiwa kali.

Mwaka huohuo wa 1903 ndipo uzalishaji wa dhahabu wa Australia Magharibi ulipofikia kilele, kisha ukaanza kushuka. Wapinzani hawakukosea kuhusu Coolgardie, kwani mji huo ulipungua ukabaki kivuli. Lakini bomba lilikuwa limepita katikati ya ardhi ya ngano, na matawi yalitolewa kwenda mashambani na kwenye miji kama Kellerberrin na Merredin. Mkulima aliyekuwa akitegemea bwawa lake dogo sasa aliweza kufuga kondoo wakati wa kiangazi.

Kalgoorlie haikufa. Leo halmashauri ya Kalgoorlie-Boulder, iliyounganishwa mwaka 1989, ina watu 30,000 hivi kwenye takriban kilomita za mraba 95,000, eneo linalozidi kisiwa kizima cha Ireland alikozaliwa O'Connor. Coolgardie, yenye kilomita za mraba 30,000 hivi, haifikishi wakazi 5,000. Halmashauri zote mbili bado zinapata maji kutoka Mundaring.