Shaaban Robert tusiyemfundisha darasani

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza aghalabu huniuliza swali moja kumhusu Shaaban Robert: je, alikuwa Mwislamu ama Mkristo? Jina la kwanza lawavuta upande mmoja, la pili lawavuta upande wa pili. Nikiisha kuwaeleza kwamba alikuwa Mwislamu wa pwani ya Tanga na kwamba Robert ni jina la babake mzazi, huja swali jingine lililo zito zaidi: basi alikuwa kabila gani?

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga, nchi ile ilipokuwa ingali chini ya Wajerumani. Asili ya ukoo wake ni Wayao, watu ambao kwao ni mbali na Tanga. Yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili. Mjadala wa Mswahili ni nani umetumaliza wino mwingi sisi wa vyuo vikuu. Wako wanaodai damu, wako wanaodai mji na desturi, na wako wanaotosheka na lugha. Kwa maoni yangu, wengi wetu tungalinyamaza kidogo kama tungaliyatazama maisha ya mtu huyu kabla ya kufungua makabrasha yetu. Mwana wa ukoo wa Kiyao, mwenye jina la Kizungu na dini ya Kiislamu, ndiye aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri kuliko wote wa Kiswahili katika karne ya 20.

Masomo yake yalikuwa machache. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akaingia kazini mwaka huo huo akiwa karani wa forodha, akaishika kazi hiyo miaka 18. Baadaye alihamishiwa idara ya wanyama, kisha mwaka 1946 akaja ofisi ya wilaya mjini Tanga, na hatimaye ofisi ya upimaji ardhi. Hakuwa na shahada wala hakuwa na muda. Vitabu tunavyovitungia mitihani viliandikwa na mtu aliyekuwa akitoka kazini jioni akiwa amechoka.

Sharti tukumbuke ofisi zile zilikuwa za namna gani. Katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, mishahara, nyumba na vyeo vilipangwa kwa rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Karani Mwafrika angeweza kuijua kazi kuliko mkubwa wake na bado akafa karani. Shaaban Robert aliishi ndani ya mpango huo kwa zaidi ya miaka 30. Katika tawasifu yake, Maisha Yangu, hakuficha kwamba ubaguzi ulimgusa mwenyewe. Lakini hakuandika kwa ghadhabu. Alitunga shairi kuhusu rangi za watu, akazichukulia kuwa pambo la Muumba, wala si sababu ya mtu kumdharau mwenziwe.

Kwa ajili ya upole huo baadhi ya wahakiki wamemlaumu. Wanasema alikuwa mwana maadili aliyehubiri subira wakati watu walipohitaji hasira, na kwamba alizipokea nishani za Waingereza, ikiwemo ile ya MBE, bila ya kinyongo. Wengine humtetea kwa Kusadikika, riwaya iliyotoka 1951, ambamo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Mtetezi husema: tazameni, alikuwa akiupiga vita ukoloni kwa mafumbo. Huenda ni kweli. Mimi naona pande zote mbili humtafuta mahali ambapo hakuwapo sana. Ugomvi wake na ubaguzi aliufanya katika maisha ya kila siku, kwa kukataa kuishi kama mtu mdogo.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likitajwa sana madarasani. Baadhi ya vitabu vyake vilichapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katika mfululizo wa maandishi ya lugha za Kiafrika. Marudi Mema ilitoka huko mwaka 1952, miaka minne baada ya chama kilichoutunga ubaguzi wa rangi kuwa sheria kushika serikali ya Afrika Kusini. Mashairi ya karani wa Tanga yalipigwa chapa katika mji ambao yeye mwenyewe asingeruhusiwa kuketi benchi moja na Mzungu.

Nyumbani nako mambo hayakuwa mepesi. Mkewe Amina alifariki mwaka 1942, akamwachia watoto. Shairi la maombolezo alilomtungia limewaliza wasomaji wengi, nami nakiri kwamba silifundishi kwa raha. Ila mimi huvutiwa zaidi na tenzi mbili alizowatungia watoto wake: Utenzi wa Hati kwa bintiye Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe Suleiman. Hebu lizingatieni neno hati. Ni neno la ofisini, neno la mashamba, mirathi na mihuri. Karani aliyeshinda kutwa akiandika hati za mali za watu wengine alimwandikia bintiye hati ya maneno matupu, kana kwamba ndiyo milki yake. Wanafunzi wangu wa kike huyapinga vikali mafunzo yake kuhusu utii wa mke kwa mume, nami siwazuii. Wana haki, na nyakati zimebadilika. Hata hivyo, nawaomba wamwone mjane wa kiume, mwenye mshahara mdogo, akikaa chini kumfikiria binti yake atakavyoishi.

Vivyo hivyo alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge barua kwa miaka mingi. Ndugu huyo alizitunza, na mwaka 2002 zikachapishwa mjini Dar es Salaam: barua za kuanzia 1931 hadi 1958. Anayezisoma akitafuta falsafa atapata zaidi mambo ya nyumbani. Ndiyo maana nazipenda. Mwandishi mkubwa anaonekana humo akiwa kaka tu.

Wala tusidhani alikuwa mtu wa huzuni na mawaidha peke yake. Mwaka 1952 ilitoka tafsiri yake ya Omar Khayyam, aliyoifanya kutoka Kiingereza cha FitzGerald. Mwislamu mcha Mungu, mshairi wa adili, alijitwika kazi ya kutafsiri beti zinazosifu divai, waridi na furaha ya siku iliyopo! Sijui ni mwalimu gani leo angethubutu kuzipendekeza kwa kidato cha tatu. Mwaka 1958 akatoa wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyetoka katika ufukara na kudharauliwa, akasikika katika santuri pwani nzima. Hakumchagua mwanamke yule bila sababu. Kisha kuna Utubora, yule mhusika wake anayeacha kazi ya mshahara Unguja akaenda Busutamu kulima, na kuipata raha yake katika jembe, miti na majirani. Tunawaambia wanafunzi kwamba kitabu hicho kinahimiza kilimo. Mimi nakisoma kama ndoto ya karani aliyechoshwa na ofisi.

Sehemu ya pili ya tawasifu yake aliiita Baada ya Miaka Hamsini. Nami umri huo nauona ukinikaribia, na kwa hiyo siku hizi sehemu hiyo naisoma polepole kuliko zamani. Wakati huo Tanganyika ilikuwa ikielekea kujitawala, naye alikuwa akiiaga kazi ya serikali. Alikuwa na miswada mingi mkononi na alitaraji, kama mstaafu yeyote, kwamba sasa angepata nafasi ya shughuli zake.

Hakuipata kwa muda mrefu. Aliuona uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, akafariki Juni 1962, akiwa na miaka 53. Kufikirika kilitoka 1967, pamoja na utenzi wake mrefu wa vita vya 1939 hadi 1945. Utubora Mkulima, kitabu cha mtu aliyeacha kazi mapema ili aishi, kilichapishwa 1968.